Kelele, Kimya na Usingizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika nyumba moja ya Kampala mmoja hulala fofofo redio ikisema, mwenzake hapati hata lepe la usingizi kwa sababu saa ya ukutani inagonga. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila watu wanapozungumzia jambo hili, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kisenyi jijini hadi makazi ya wakimbizi ya Bweyale na Nakivale. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko. Saa zote ni za Kiswahili: saa nne usiku ni ile ambayo baa nyingi ndiyo kwanza zinaongeza muziki.

## Mambo ya msingi

Mimi silali bila feni. Nina ugonjwa?

Hapana. Usiku wa Kampala joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na bado utakuta mtu amejifunika blanketi mbili huku feni imegeuziwa ukutani. Hatafuti upepo, anatafuta mvumo wake. Mvumo huo unafunika vishindo vidogo vya nje, na kwa kuwa umesikika usiku baada ya usiku, ubongo umeshauchukua kuwa ishara ya kulala, kama wengine walivyozoea kusoma kurasa mbili au kuswali witri kabla ya kulala.

Kuna dalili za kuangalia hata hivyo. Ukiona kila baada ya muda unalazimika kuongeza sauti, au huwezi kulala ugenini hata ukiwa umechoka vipi, au unawasha sauti ili usisikie mawazo yako mwenyewe, basi feni inaficha jambo jingine. Tazama maswali ya sehemu ya mwisho.

Kwa nini mwingine anataka kimya na mwingine anataka sauti?

Macho yana kope, masikio hayana. Unapolala sikio linaendelea kufanya kazi, na ubongo ndio unaoamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Kituo kimoja kilicho katikati ya ubongo, thalamasi, hupokea habari za milango ya fahamu, na wakati wa usingizi hutoa mikupuo mifupi ya mawimbi ambayo huonekana kuzuia sauti zisifike mbali. Mikupuo hiyo haiko sawa kwa watu wote. Walio nayo kwa wingi hustahimili kelele zaidi. Kwa hiyo ndugu yako anayelala usingizi wa pono kando ya stendi ya teksi hajifanyi, wala wewe unayeshtushwa na bomba linalodondoka matone hudeki.

Umri nao una sehemu yake: usingizi mzito hupungua tunavyozeeka, ndiyo maana jaja huamka mlango ukifunguliwa tu na mjukuu habanduki. Juu ya hayo yote kuna mazoea ya mahali ulipokulia.

Basi kipi bora, kimya au sauti?

Kimya, kikipatikana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kishindo kimoja kimoja kisizidi 45. Miongozo yake ya mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya ikaweka desibeli 40 kuwa kiwango cha usiku nje ya nyumba.

Lakini mkazi wa Kabalagala, mtaa wa Kampala wenye baa nyingi, ukimwambia desibeli 30 atakuuliza zinauzwa wapi. Wengi wetu hatuchagui kati ya kimya na kelele. Tunachagua kati ya kelele tuliyoiwasha wenyewe na kelele tuliyowashiwa na wengine, na hapo ile ya kwanza ni nafuu kwa mbali.

Mvua kubwa juu ya mabati inanilaza, lakini mlango ukifungwa polepole naamka. Inakuwaje?

Hili ndilo swali ambalo ukilielewa, mengi ya chini yanajijibu. Kinachoamsha si ukubwa wa sauti peke yake, ni badiliko. Ubongo uliolala unauliza kitu kimoja: kuna jipya? Mvua ya Aprili ikishashika kasi haina jipya. Inaweza kupiga mabati hadi msielewane mkizungumza, na bado watu wanalala, kwa sababu dakika hii inafanana na iliyopita. Mlango ni jambo jipya. Umefungwa na nani?

Chukua hesabu. Chumba kina desibeli 30, mlango unalia kwa 55: sauti imeruka kwa 25. Washa feni inayotoa 45 na mlango uleule unaruka kwa 10 hivi tu. Ikumbukwe kwamba desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio huisikia kama imeongezeka maradufu.

Maana ya sauti nayo ina uzito. Jina lako likitajwa taratibu linaweza kukuamsha wakati lori limepita barabarani usijue. Mama huamka kichanga kikinung'unika, halafu anaendelea kulala mbwa wa mtaa mzima wakibweka.

Nimezoea kelele za hapa, sizisikii tena. Mwili nao umezoea?

Nusu. Kuamka hupungua kweli baada ya muda. Lakini wanaopimwa wakiwa wamelala huonyesha mapigo ya moyo yakiongezeka gari linapopita, hata kama asubuhi mtu anasema alilala vizuri, na mwitikio huo wa moyo hauishi kabisa hata baada ya miaka. Kelele ya usiku ya muda mrefu imehusishwa na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Kwa hiyo "nimezoea" isiwe sababu ya kuacha kuziba nyufa za dirisha.

## Kuchagua sauti

Sauti nyeupe, ya waridi na ya kahawia ni zipi?

Ni aina za mvumo usio na wimbo wala maneno. Sauti nyeupe imebeba nguvu sawa katika masafa yote, ya chini hadi ya juu, na husikika kama redio iliyokosa stesheni. Ya waridi inapunguza masafa ya juu, desibeli 3 kwa kila oktava (yaani kila masafa yanapokuwa maradufu), ikawa laini kama mvua ya wastani. Ya kahawia inapunguza zaidi, desibeli 6 kwa oktava, inanguruma kama maporomoko ya maji yaliyo mbali. Jina la hii ya mwisho linatokana na mtaalamu wa mimea Robert Brown, wala si rangi.

Ipi ikufae ni suala la sikio lako. Ushauri wangu: kama kero yako ni sauti kali za juu, mfano sufuria, watoto, honi za bodaboda, jaribu nyeupe au ya waridi. Kama ni besi ya muziki, ya kahawia hufunika vizuri zaidi, ingawa besi nzito haifunikwi na chochote cha simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kiasi hicho.

Nina desturi ya kulala redio ikiwaka. Kuna ubaya?

Inategemea redio inasema nini na unaielewa kiasi gani. Maneno ni sauti mbaya kwa kulala: yanapanda, yanashuka, yana kicheko, yana maana. Ubongo unayafuata bila kukuomba ruhusa. Halafu saa tisa usiku linaingia tangazo la mahubiri au la dawa ya nguvu za kiume, sauti juu kuliko kipindi chenyewe, na usingizi umekwisha.

Ikiwa huwezi kuacha redio, chagua stesheni ya lugha usiyoijua. Uganda imebarikiwa kwa hili. Msemaji wa Kiswahili aliyetoka Bunia, Kongo, anaweza kulala vizuri tu na redio ya Kiteso au Kilugbara, kwa kuwa kwake ni mvumo wa watu wakiongea chumba cha pili. Ataamshwa na taarifa ya habari ya Kiswahili. Na weka kipima muda: dakika 30 hadi 45 zinatosha kwa wengi, ijizime yenyewe.

Televisheni ina shida ya ziada, mwanga. Geuza skrini au izime.

Nikitumia simu bando litaisha?

Ukitiririsha kutoka intaneti, ndiyo. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 58 kwa saa. Saa nane ni karibu megabaiti 460 kila usiku, kwa ajili ya kusikiliza mvua ya kurekodi wakati ya kweli inakuja bure Machi hadi Mei. Video ni zaidi ya hapo sana. Pakua faili moja la saa nzima, liweke lijirudie, zima data. Faida nyingine ni kwamba hakuna tangazo litakalokurukia, na simu ikiwa katika hali ya ndegeni hakuna shemeji atakayekupigia saa sita usiku kuomba nauli.

Simu isiwe chini ya mto, hasa ikiwa kwenye chaji. Inapata joto, na godoro la sponji linashika moto haraka.

Sauti iwe kubwa kiasi gani?

Chini kuliko unavyodhani. Lengo ni kufunika vishindo vya kawaida, si kushindana na baa. Njia rahisi: mtu aliye upande wa pili wa chumba akizungumza kwa sauti ya kawaida, umsikie bila taabu. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, hivyo mvumo wako uwe chini ya hapo. Programu za simu za kupima desibeli si sahihi kabisa, lakini zinatosha kukuonyesha kama uko 45 au 70.

Weka chombo mbali na kichwa, karibu na kelele inakotokea, yaani dirishani au mlangoni. Kwa watoto wachanga kuna tahadhari zake, tazama swali lao.

Kuna uthibitisho kwamba sauti hizi zinasaidia?

Upo mdogo kuliko wauzaji wa mashine wanavyodai. Tafiti nyingi ni za watu wachache, zimefanywa kwa njia tofauti, na matokeo yanapingana: baadhi wanalala haraka zaidi, wengine usingizi wao unakatika zaidi. Panapoonekana faida ya wazi ni pale mazingira yenyewe yana kelele za ghafla, mfano wodi ya hospitali. Mtu mwenye chumba kimya tayari hana sababu ya kujiongezea mvumo.

Umeme ukikatika feni inazima, nami naamka papo hapo. Nifanyeje?

Kimya cha ghafla nacho ni badiliko. Ubongo unashtuka kama ulivyoshtukia mlango.

Suluhisho la kwanza ni kutotegemea chombo kimoja cha umeme wa ukutani. Faili la sauti kwenye simu iliyojaa chaji litavuka usiku, na feni ndogo za betri zinazochajiwa zinapatikana madukani. La pili ni kipima muda: feni ikizima saa sita kila siku, utazoea kuwa usingizini bila hiyo, na umeme ukikatika saa nane haitakuhusu. Kuhusu gharama, feni ya mezani ya wati 50 kwa saa nane inakula yuniti 0.4 ya Yaka, umeme wa kulipia kabla. Si feni inayomaliza yuniti zako, angalia pasi.

## Kutafuta kimya

Vizibo vya masikio vinafanya kazi? Vinavaliwaje?

Vya sponji vinafanya kazi vizuri vikiingizwa ipasavyo, na wengi hawaviingizi ipasavyo. Osha mikono. Viringisha kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba. Kwa mkono mwingine, upitishe juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisha sukuma na ushikilie sekunde 20 hadi 30 kitanuke ndani. Kikibaki kinaning'inia nje, hakijaingia.

Vinapunguza zaidi sauti za juu kuliko besi, kwa hiyo usishangae ukisikia ngoma bila kusikia mwimbaji. Vibadilishe vinapochafuka, usishirikiane na mtu, na kama sikio linauma, linatoa usaha au limejaa nta, usivae kabla ya kuonwa na daktari. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana, na vipande vyake hubaki ndani.

Nimepanga chumba kimoja kwenye mstari, kuta nyembamba. Nianzie wapi?

Anzia kwenye matundu. Sauti hupita penye hewa. Ukuta mzuri wenye uwazi wa kidole chini ya mlango ni kama hauna kazi. Kunja kitambaa kizito au gunia uweke chini ya mlango, ziba nyufa za fremu ya dirisha, hamisha kitanda kutoka kwenye ukuta unaotumia pamoja na jirani. Kabati lililojaa nguo likiegemezwa ukuta huo husaidia kidogo. Pazia nene hupunguza mwangwi wa ndani na sauti za juu, ila besi italipita kama halipo: besi husafiri kwa kuutikisa ukuta wenyewe. Kama nyumba haina dari, mnasikilizana kupitia juu, chini ya mabati, na hapo dawa ni dari au kuhama.

Sasa tahadhari, na hii isomwe mara mbili. Ukishaziba chumba, sigiri isiingie ndani, hata iliyobaki na makaa mekundu tu. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Jenereta vilevile: isiwekwe ndani, barazani wala chini ya dirisha. Tundu la hewa lililojengwa juu ya dirisha liachwe wazi hata kama linaingiza muziki, likiwa na wavu wa kuzuia mbu.

Baa (au kanisa) ya jirani inapiga spika hadi asubuhi. Sheria inasemaje?

Kanuni za mazingira za viwango na udhibiti wa kelele za mwaka 2003 ziliweka mipaka. Kwa eneo la makazi: desibeli 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 na 45. Maeneo ya viwanda: 70 na 60. Usiku unahesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kuzidisha anatakiwa awe na kibali.

Kwa vitendo, njia inayofuatwa ni hii. Nenda mwenyewe kwanza, mchana, usiende saa saba usiku ukiwa na hasira. Mara nyingi mwenye baa anakubali kugeuza spika au kupunguza besi, na huo ni nusu ya ushindi. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), ukiwa na majirani wengine watatu wanne. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa wivu. Kisha polisi, na kwa maandishi, mamlaka ya mazingira NEMA, au KCCA, mamlaka ya jiji, kwa walio Kampala. Andika tarehe na saa. Pima ukiweza.

Matanga na harusi ni jambo jingine. Mkesha wa msiba haushtakiwi; unachukua kiti chako unakwenda kukaa na wafiwa, au unavaa vizibo.

Adhana ya alfajiri inaniamsha lakini muziki wa saa tano usiku hauniamshi. Kwa nini?

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika kama 90. Mzito zaidi umejaa theluthi ya kwanza ya usiku; ukikaribia alfajiri uko kwenye usingizi mwepesi na ndoto. Sauti ileile ambayo haikukufikia saa sita itakuamsha saa kumi na moja. Ndiyo maana hata kwarara wawili wakipita juu ya paa wanalia wanatosha.

Habari njema ni kwamba Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo alfajiri haihami sana mwaka mzima. Ni saa kumi na moja na nusu hivi, na adhana ni dakika chache. Sauti fupi inayojulikana itakuja lini huzoeleka kuliko kelele isiyo na ratiba. Anayeamka akasema "bado nina saa nzima" hurudi kulala. Anayeamka akaanza kukasirika hapati tena usingizi, na hilo si kosa la muadhini.

## Kulala wawili, na watoto

Mume wangu hawezi kulala bila redio, mimi nataka kimya. Tufanyeje?

Kwanza jueni kwamba hamna mshindi hapa. Mnaweza kukutana katikati kwa kubadilisha maneno kuwa mvumo: feni au mvua ya kurekodi mara nyingi inamtosha yeye na haikuudhi wewe. Ikishindikana, kipima muda cha dakika 30 na wewe kizibo cha sikio la juu. La chini limezibwa na mto. Kuna pia spika bapa zinazowekwa ndani ya foronya, anasikia mwenye mto peke yake. Vipokea sauti vya kuingiza sikioni vinaumiza kwa anayelala ubavu, na vikivaliwa kila usiku hukusanya nta.

Tatizo si redio, ni kukoroma kwake.

Mvumo na vizibo vitakusaidia wewe. Yeye msikilize kwanza. Kama anakoroma, ananyamaza sekunde kadhaa kana kwamba hapumui, kisha anashtuka akihema, na mchana anasinzia hata kwenye teksi, apelekwe kwa daktari. Hiyo ni dalili ya pumzi kukatika usingizini, na kwa dereva wa lori au wa bodaboda ni hatari ya barabarani. Kulala ubavu na kuacha waragi jioni hupunguza kukoroma kwa wengi.

Kichanga changu kinanyamaza nikiwasha sauti ya feni. Ni salama?

Kwa kiasi, ndiyo. Tumboni kwa mama hakuna kimya: kuna mtiririko wa damu na mapigo ya moyo saa zote. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 1990 ulikuta vichanga 16 kati ya 20 waliosikilizishwa sauti nyeupe walilala ndani ya dakika tano, dhidi ya 5 kati ya 20 wasiosikilizishwa. Bibi zetu walijua hili bila maabara, sikiliza wanavyosema "shii, shii" sikioni.

Shida ni nguvu na muda. Mashine za kulaza watoto zilipopimwa, nyingi zinaweza kupita desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya vichanga hospitalini. Weka chombo mita mbili au zaidi kutoka kwa mtoto, sauti chini, na kizime akishalala. Simu isilazwe ndani ya chandarua pamoja naye. Na usifanye nyumba nzima itembee kwa vidole: mtoto anayelala huku sahani zikioshwa atakushukuru ukimpeleka kijijini Krismasi.

## Hali za pekee

Nikienda kijijini silali, ni kimya mno. Wageni wetu wa kijijini nao hawalali Kampala.

Sehemu ya hilo ni ugeni wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu usiku wa kwanza mahali pageni wakakuta upande wa kushoto haulali kwa uzito sawa na wa kulia, kama askari wa zamu. Usiku unaofuata hali ilitulia. Kwa hiyo usihukumu kitanda cha shangazi kwa usiku mmoja.

Sehemu nyingine: kijijini si kimya. Kuna vyura wa bondeni, nyenje, mbuzi, jogoo asiye na saa. Ni sauti usizozijua tu. Beba faili lako la mvua, au usikilize vyura kama mvumo. Wale hawachoki wala hawaweki matangazo. Waliotoka bwenini na sasa wanaishi peke yao hulalamika vivyo hivyo, na kwao mvumo wa watu kwa mbali husaidia kuliko mvua.

Mimi ni askari wa usiku, nalala mchana watoto wakicheza uani.

Wewe unahitaji vyote pamoja: vizibo, mvumo, giza na neno na majirani. Wape saa kamili, "saa tatu hadi saa nane nimelala", kuliko kulalamika kila siku. Usingizi wa mchana ni mwepesi kwa kuwa mwili unaamini ni wakati wa kuamka, hivyo hata kelele ndogo inakukuta. Ukishindwa kuzipata saa zote kwa mkupuo mmoja, ongeza usingizi mfupi kabla ya zamu.

Kukiwa kimya nasikia mlio masikioni. Nawasha redio ili nisiusikie.

Mlio huo huonekana mkubwa zaidi penye kimya kwa sababu hakuna kingine cha kusikia, na kuwasha mvumo wa chini ni ushauri unaotolewa hata na madaktari. Usiufunike kabisa, uache usikike kidogo ndani ya mvumo ili ubongo ujifunze kuupuuza. Vizibo vya masikio vitaufanya uzidi. Nenda ukaangaliwe, mfano kitengo cha masikio, pua na koo cha hospitali ya Mulago, hasa mlio ukiwa wa sikio moja, ukidunda pamoja na moyo, au ukija na kizunguzungu au kupungua kwa usikivu. Usikivu ukipotea ghafla sikio moja, nenda siku hiyohiyo.

Kimya kinanitisha. Kule tulikotoka, kukinyamaza ndipo walikuja.

Wengi waliokimbia vita Kongo wanasema hivi, na wapo wa kaskazini ya Uganda pia. Kwa aliyepita hapo kimya si utulivu, ni kusubiri. Sauti ndogo usiku kucha ni haki yako, na asikuambie mtu ni utoto. Wengi husaidiwa na sauti ya binadamu, kisomo cha Kurani au nyimbo za tenzi kwa sauti ya chini, taa hafifu, na kitanda kinachotazama mlango.

Lakini kama kuna ndoto zinazorudi, kushtuka kwa kila kishindo mchana, au kukwepa kulala kabisa, sauti peke yake haitoshi. Kuna wahudumu wa afya ya akili na washauri katika makazi ya wakimbizi na katika hospitali za rufaa. Hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Butabika. Matibabu ya mazungumzo yanasaidia kweli kwa hali hii.

Nimejaribu feni, kimya, vizibo, yote. Bado nagaagaa tu.

Basi huenda kelele haikuwa shida. Kukosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, ni hali inayotibika, na tiba ya kwanza si vidonge: ni kubadilisha ratiba na mawazo kuhusu kitanda. Amka saa ileile kila siku. Usipolala baada ya dakika kama 20, ondoka kitandani, kaa penye mwanga mdogo hadi usingizi uje. Piritoni ya kila usiku na tembe za kununua bila cheti hazitatui kitu, na waragi hukulaza mapema kisha hukuamsha saa tisa.

Nikiziba masikio, nitasikiaje mwizi, mtoto au kengele ya simu?

Vizibo hupunguza, havifuti. Mtoto akilia chumbani humo utamsikia. Geti likitikiswa nje, pengine hapana. Mwenye kichanga au mgonjwa ndani asizibe yote mawili, au wapeane zamu na mwenzake. Kwa kengele, weka simu itetemeke juu ya ubao wa kitanda. Kuhusu wezi, komeo la ndani na mbwa wa jirani ni ulinzi bora kuliko wewe kukesha ukisikiliza.